Mchi Ulioshuka Kabla ya Wakati

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Naitwa Mwanahawa, wa Pasua. Nesi ameniomba niseme machache kwenu mnaosubiri dawa, hasa mliowaleta ndugu zenu kwa mara ya kwanza.

Kabla sijaugua, mimi na dada yangu Zuhura tulikuwa tunatwanga mchele wa vitumbua vya mama. Mchele umeshalowekwa, kinu kimoja, michi miwili, tunapokezana. Wangu ukipanda, wake unashuka. Katikati hapo Zuhura alikuwa anaingiza mkono upesi kurudisha mchele uliotambaa pembeni. Hatukuhitaji hata kutazamana.

Nilipofika miaka ishirini na mbili, mwili ulianza kunipotea. Kwanza mikono. Namimina chai, nadhani nimeshaacha, kumbe bado inamwagika. Nikipiga makofi harusini nachelewa, watu wanacheka. Usingizi ukakatika. Kisha zikaja sauti za wanawake wawili nisiowaona, wakiniamrisha: "Sasa. Bado. Sasa."

Asubuhi moja tukiwa tunatwanga, wakasema "Sasa," nami nikashusha mchi. Mkono wa Zuhura ulikuwa bado ndani.

Vidole viwili vilivunjika. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mimi nilisimama tu. Moyoni nilikuwa nalia, lakini uso haukusogea hata kidogo. Akaniangalia, akasema, "Amenifanyia kusudi. Mwoneni, hata hajali."

Zuhura alikuwa fundi cherehani. Vidole viliunga vibaya, kazi ikamshinda. Akaolewa Mabogini, akaondoka bila kuniaga.

Majirani walisema nina jini. Shehe wa mtaani kwetu akanisomea dua, kisha akamwambia mama, "Dua nimesoma, na nitaendelea kusoma. Lakini mpeleke na hospitali."

Daktari, mama mtu mzima, aligonga meza kwa kalamu, akaniambia nifuatishe kwa kidole. Halafu akaacha. "Endelea mwenyewe." Kidole kikakimbia, kikasita, kikakimbia tena. Akatueleza, "Ugonjwa huu unaitwa skizofrenia. Si sauti peke yake. Kwa baadhi ya wagonjwa ubongo unakosea hata kupima muda. Mkono unawahi, au unachelewa."

Mama akauliza, "Kwa hiyo hakukusudia?"

"Hakukusudia, mama."

Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Dawa ilizima sauti, lakini shingo ilipinda, mate yakawa yananitoka, miguu haikutulia. Niliona aibu, sikumwambia mtu. Nikawa natema vidonge chooni. Sauti zikarudi. Zikanitembeza mpaka Mabogini, nikasimama katikati ya shamba la mpunga, maji yamenifika magotini, tangu asubuhi hadi alasiri. Wanawake waliokuwa wanapandikiza mpunga wakamwita Zuhura.

Aliingia kwenye tope na gauni lake. Akanishika kwa mkono ule ule niliouvunja.

"Sijui kama nimekusamehe," alisema. "Lakini toka kwenye maji, mdogo wangu."

Njiani nikamweleza kwa nini niliacha vidonge, naye ndiye aliyemweleza daktari habari za shingo na miguu. Nikabadilishiwa dawa. Haikuwa kazi ya wiki moja. Siku hizi sauti huja mara chache, na zikija nazitambua. Chai namimina polepole. Kinu sijakigusa tena. Mama alifariki kabla hajaniona nimepata nafuu hii, na hilo bado linaniuma.

Ndugu zangu, mgonjwa wenu akiangusha kikombe, au uso wake usipoonyesha huzuni, msiseme hajali. Hamjui kinachoendelea ndani. Na wewe unayemeza dawa, ikikukaza shingo mwambie daktari. Usiiache kimyakimya kama nilivyofanya mimi.

Namshukuru Mungu kwa kunifikisha hapa. Zuhura hajawahi kutamka kwamba amenisamehe, nami simuulizi. Ila kila siku ya kliniki anapanda kutoka Mabogini kuja kunisindikiza. Ndiye yule pale mwisho wa benchi, mwenye mtandio wa kijani, aliyeshika kadi yangu.