Folda Aliyoificha Mke Wangu

Virusi viliingia kwenye kompyuta yangu wiki moja kabla ya Ramadhani, na niliyevileta nyumbani ni mimi mwenyewe. Msikiti wetu hapa Mtanda, Lindi, ulikuwa umeniomba nichape ratiba ya daku na futari, maana mimi ni mwalimu mstaafu na inajulikana kwamba nina kompyuta. Nikaichapa, nikaiweka kwenye flashi, nikaenda nayo mjini kwenye duka la fotokopi. Nilirudi na karatasi nzuri kabisa. Jioni ile nikaichomeka tena ile flashi ili nisahihishe saa ya magharibi niliyokosea.

Asubuhi yake, kila folda ilikuwa na kimshale kidogo pembeni. Nikibofya, kinatokea kidirisha cheusi, kinapotea, halafu basi. Folda ya mitihani ya jiografia, hakuna kitu. Folda ya harusi ya binti yetu, hakuna kitu. Folda ya picha za mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka na miezi kadhaa tangu afariki, nayo hivyo hivyo. Nilikaa mbele ya kioo kile mikono ikiwa mapajani. Picha zile hazikuwa mahali pengine popote.

Binti yetu ni mmoja, anafanya kazi Dodoma, na kazi yenyewe ni ya kompyuta za ofisini kwao. Tulikuwa na desturi ya kupigiana kila Ijumaa baada ya swala. Ananisalimia, ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula, namuuliza kama kunanyesha huko, ananiambia hapana. Dakika tatu, labda nne. Mama yake alipokuwa hai walikuwa wakizungumza mpaka simu inapata moto, mimi napewa mwishoni nimwitikie shikamoo.

Siku ile haikuwa Ijumaa, kwa hiyo alishtuka kuona simu yangu.

"Baba, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Kompyuta imeharibika. Picha za mama yako zimepotea."

Nilimweleza habari ya vimshale. Akacheka, kicheko cha mtu aliyepumua.

"Hazijapotea. Hicho ni kirusi cha flashi. Kinaficha folda zako za kweli, kinakuwekea za bandia. Usibofye kitu. Umesikia? Usibofye chochote. Nitaomba ruhusa kazini, nikupigie."

Alipiga baada ya nusu saa. Nikaweka simu mezani, sauti juu, nikavaa miwani. Kwanza akaniambia nizime kinachoendeshwa na kile kirusi, na hapo tulipoteza muda mrefu, kwa sababu orodha niliyoiona mimi haikufanana na aliyokuwa nayo yeye kichwani. Alinitaka nimsomee jina moja moja. Nikamsomea kama ninavyosoma mahudhurio ya darasa. Tulipolifikia akasema, "Huyo. Mbofye, umzime." Kisha akanifanya niunganishe kompyuta na bando la simu yangu ya pili, nishushe programu ya kuua virusi, niiache ikague yote.

Ukaguzi ule ulichukua zaidi ya saa nzima. Hakukata simu.

"Imefika wapi?"

"Asilimia kumi na mbili."

Tukakaa. Nje jirani alikuwa anaanua korosho alizozianika, nasikia zinavyomwagika kwenye gunia. Nikatafuta cha kumwambia mwanangu, sikupata. Nadhani naye alikuwa anatafuta.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Imefika wapi?"

"Kumi na tisa."

Ilipomaliza ilikuwa imekamata virusi thelathini na kitu, nikavifutilia mbali vyote. Lakini folda zangu bado zilikuwa hazionekani. Binti akasema sasa ndiyo kazi yenyewe. Akanifungulia, kwa maneno, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akaanza kunitajia herufi.

"Ei. Ti mbili. Ari, ai, bi. Acha nafasi. Kistari, halafu echi."

"Kistari cha kulala au cha kusimama?"

"Cha kulala, baba."

Niliandika kwa kidole kimoja, narudia kila herufi kwa sauti, na yeye anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Endelea." Nilikosea mara mbili, tukaanza upya. Hakukasirika. Mara ya tatu nikabonyeza kitufe cha kuingiza, kioo kikatulia, na baada ya muda folda zikaanza kurudi moja baada ya nyingine.

"Zimerudi!" nikasema. "Mitihani hii hapa. Harusi. Picha. Zote zimerudi, mama."

"Alhamdulillahi."

"Na nyingine hii. Inaitwa mazoezi. Hii siijui."

Nikasikia upande wa pili mlango ukifungwa.

"Hiyo ni ya mama," akasema.

"Mbona sijawahi kuiona?"

"Alipokuwa anajifunza kuchapa, kile kipindi amestaafu zahanati. Aliniomba nimfichie. Ile amri tuliyoandika inafichua kila kilichofichwa, si cha kirusi tu."

"Alikuwa anamficha nani?"

"Baba," akasema polepole, "nyumbani mlikuwa wawili."

Akaniambia alijua tangu alipoanza kunitajia herufi kwamba folda ile itatokea; aliwaza namna ya kuiruka, kisha akaacha. Akasema si lazima niisome. Akasema naweza kuifuta, au anaweza kunielekeza niifiche tena. Nikamwambia ahsante, arudi kazini, amenisaidia sana. Tukaagana.

Nilifagia uwanja. Nikaswali adhuhuri. Nikapasha wali wa jana, sikuumaliza. Kisha nikarudi nikaifungua.

Mke wangu alijifunza kuchapa akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, kwa sababu hakutaka kukaa bure. Mimi nikiwa msikitini au barazani kwa wenzangu, yeye anakaa kwenye kiti hiki. Mwanzoni ni herufi tu, mstari mzima wa herufi moja. Halafu maneno. Halafu, kwa kuwa mtu anayejizoeza kuchapa lazima achape kitu, akaanza kuchapa siku zake.

"Leo nimechapa mstari mmoja bila kuangalia vidole."

"Amerudi. Ameuliza maji ya kuoga. Nimemwambia yapo."

"Nimehesabu maneno aliyoniambia tangu asubuhi. Kumi na moja. Mawili ni chumvi haijakolea."

"Si mtu mbaya. Hajawahi kunipiga wala kuninyima. Nikimwambia jambo hili atashangaa, ataniuliza nimekosa nini. Sijui nimwambie nimekosa nini."

"Leo nimezungumza na kuku mpaka nikacheka."

Kulikuwa na kurasa nyingi. Nilizisoma zote kwa mpangilio, kama nilivyozoea kusahihisha, na nilipofika katikati nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa umeshika kalamu. Tangu afariki nilikuwa nikijihesabu mtu aliyeachwa peke yake. Wakati mwingine nilimwonea wivu, kwamba yeye hakulazimika kukaa nyumba hii bila mtu. Kumbe alikaa. Alikaa miaka, nami nikiwa chumba cha pili nasikiliza taarifa ya habari.

Kurasa za mwisho zilikuwa kwa Kimachinga, kilugha cha kwao. Yeye alikuwa mtu wa kijiji cha Kiswere, huko pwani, mimi ni Mmatumbi wa huko milimani Kilwa, na tangu tuoane nyumbani kwetu tulitumia Kiswahili, kilugha cha kila mmoja kikabaki kwa ndugu zake. Nilielewa neno moja moja tu. Jina langu sikuliona, lakini yeye hakuwa na kawaida ya kunitaja kwa jina. Nikaona huko ndiko alikoandika yale ambayo hata kwa Kiswahili aliogopa kuyaandika. Siku tatu sikulala vizuri. Flashi nilishaiogopa, na kwenda kuyachapisha maneno yale kwenye duka la watu sikuweza, kwa hiyo nikayanakili kwa mkono kwenye daftari, herufi kwa herufi, bila kujua ninaandika nini.

Nikapanda basi la kwenda Dar, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda mpaka Kiswere kwa dada yake mkubwa. Nilikuwa sijafika pale tangu arobaini. Nilimkuta anachambua dagaa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo umetukumbuka?"

Nikampa daftari. Nikamwambia haya aliyaandika mdogo wako, naomba unisomee, hata kama ni mabaya. Akaosha mikono, akajifuta kwa kanga, akalisogeza daftari mbali na macho kidogo. Akaanza kusoma kwa kunong'ona. Nilimtazama uso. Akasoma ukurasa mzima, akafunua wa pili, na hapo akatabasamu, kisha akacheka kabisa na kujipiga paja.

"Anasema nini?"

"Anataja samaki."

"Samaki?"

"Samaki wa hapa, kwa majina ya kwetu. Huyu ana miiba, huyu tulikuwa tunamchoma kwenye kifuu cha nazi, huyu bibi alitukataza. Hapa anataja mahali tulipokuwa tunachota maji. Hapa amenitaja mimi, nilivyoanguka na ndoo." Akafunua kurasa zilizobaki, moja moja, mpaka mwisho. "Ni mambo ya utoto tu, shemeji. Hakuna baya lolote humu."

"Na mimi?"

Akaniangalia. Nadhani alielewa nilichokuwa nauliza, kwa sababu aliposema alisema kwa upole.

"Wewe hukutajwa humo."

Akarudi kwenye dagaa wake. Nikakaa kwenye mkeka upande wa pili wa ungo, na kwa kuwa basi la kurudi Lindi lilikuwa bado saa mbili nzima, nikaanza kuchambua naye. Baadaye nikamwomba anitajie tena wale samaki, mmoja mmoja. Alitaja, nikarudia, akacheka matamshi yangu, akataja tena. Kabla ya alasiri nilikuwa nimeshika wanne.