Picha Moja Kila Nusu Dakika

Nilimpiga shemeji yangu kofi la kwanza kwa sababu ya picha mbili, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Wengine wakamalizia kwa nyundo.

Kazi yangu ilikuwa kupaka vanishi kwenye karakana ya Mzee Randa, seremala mwenye mdomo mchafu kuliko sakafu yake. Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyekuwa fundi wake wa pili.

Mimi wazimu wangu ulikuwa kamera kuukuu ya sinema, ya filamu ya milimita nane. Nilitaka kuonyesha kabati likiota lenyewe kutoka mbao tupu hadi milango, siku nzima ndani ya dakika moja.

Nikaifunga juu ya rafu, nikaiunganisha na mota ya saa mbovu. Picha moja kila nusu dakika. Mafundi wakanicheka, eti nimeleta mnyapara asiyekula.

Asubuhi hiyo Mzee Randa na shemeji walikwaruzana kuhusu mlango uliopinda. Mzee akamwambia ana mikono ya uji. Shemeji akanyamaza, na mimi nikakiona kile kimya kibaya kuliko matusi.

Saa nane mchana, nikiwa mbele na mteja, nikasikia shemeji akipiga yowe.

Tukakimbia. Mzee yuko chini, shingo inamwaga damu, na shemeji amelowa hadi viwiko. Akasema msumeno wa mashine umerusha kipande cha mbao.

Tukamwamini. Mzee akapelekwa hospitali hajitambui.

Kesho yake nikaisafisha filamu kwenye ndoo ya dawa. Wana watatu wa Mzee wakaomba kumwona baba yao akifanya kazi, pengine kwa mara ya mwisho. Tukatundika shuka ukutani, nikawasha projekta.

Kabati likaota. Watu wakarukaruka kama panzi. Halafu shemeji, nyundo juu, mzee ameinama mbele yake. Papo hapo, mzee chini, na shemeji juu yake, mikono yote miwili kooni.

Nikarudisha. Nyundo, chini, koo. Nikarudisha tena.

"Kamera haina ndugu," nikasema. Mimi, kwa kinywa changu.

Shemeji alikuwa amekaa nyuma yetu. Akasema hapo katikati kuna mambo hayaonekani. Nikamwendea, nikamzaba kofi. Niliona aibu mbele ya wale vijana, na aibu ikatafuta pa kutokea.

Wakamkokota hadi kwenye meza ya kazi. Wakamng'oa meno mawili kwa ubao. Akawa anarudia neno moja tu, msumeno, huku damu ikimtoka puani.

Mkubwa wao akaubana mkono wake wa kulia kwenye jiliwa, chuma cha kubania mbao, akakaza, akachukua nyundo. Nilihesabu mapigo sita. Sikusema basi hata mara moja.

Dada akaingia na mimba yake ya miezi saba, akajilaza juu ya mumewe. Ndipo nyundo ikasimama. Polisi walipokuja, walimfunga shemeji pingu, kwa mkono uliobaki mzima, kwenye kitanda cha hospitali.

Siku ya tatu Mzee Randa akafumbua macho.

Kwa sauti ya msasa akaeleza. Alimshikia shemeji ubao apigilie misumari. Kisha akaenda kwenye msumeno, hatua nne tu, nje ya macho ya kamera. Mbao ikaruka, ikamchana. Akarudi akiyumba, akaanguka.

Yote hayo ndani ya nusu dakika, kamera yangu ikiwa imefumba jicho. Shemeji hakuwa anakaba koo. Alikuwa anaziba mshipa kwa vidole.

"Daktari anasema angeachia kidogo tu, ningekufa," mzee akasema. "Mbona hajaja kuniona? Mleteni nimpe mkono."

Mwanawe mkubwa akaificha mikono yake nyuma, akatoka nje.

Shemeji alikuwa wodi ya pili. Asubuhi hiyo madaktari walikuwa wamemkata vidole vitatu. Nikapiga magoti. Akaniangalia kwa jicho lile lililoweza kufunguka, akauliza kama mzee atapona. Nikasema atapona.

"Basi nenda nyumbani, shemeji. Leo sina nguvu ya kukusamehe."

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakusubiri hata nipate mtoto. Wewe unayesoma, ukiona nyundo juu na mtu chini, muulize aliyekuwepo kulitokea nini hapo katikati, na umsikilize kabla hujanyanyua mkono.

Huu ni mwaka wa tatu, na ile leo yake haijaisha.