Kina cha Msingi wa Mwalimu Specioza

Mwalimu Specioza alipostaafu na kuamua kuuza nyumba yake ya hapa Bariadi, hakupaka rangi kama wenye akili zao. Aliniita mimi, Maige, fundi niliyeijenga, nije nimsaidie kuitafutia ubaya. Nani anafanya hivyo, jamani? Watu wanauza nyumba paa linavuja na choo kimejaa, wanachekacheka na mteja mpaka karatasi zinasainiwa. Yeye alisema marehemu baba yake, kule Nkololo, hakuwahi kumkabidhi mtu kamba ya ng'ombe kabla hajataja kasoro yake: huyu anapiga mateke, huyu alitupa mimba mwaka jana. Mnunuzi aamue mwenyewe.

Basi wiki nzima nikazunguka naye. Mwanamke yule hakujua kukaa. Alipanda ngazi mwenyewe, miaka sitini na moja, akadungadunga kenchi za paa kwa kisu kutafuta mchwa. Akamwaga ndoo za maji bafuni, akakimbilia nje kuona yanatokea wapi. Akanusa kuta. Chai ananywa amesimama, haijafika nusu kikombe, anakumbuka bawaba ya dirisha. Bintiye Violeth, anayeishi Lagangabilili, alikuwa amemtafutia kiwanja cha kununua jirani na kwake, na mwenye kiwanja hakutaka kusubiri. Mnunuzi wa nyumba, kijana anaitwa Dastan, mwenye mke na watoto watatu, alikuwa anakuja Jumamosi. Asiponunua yeye, kiwanja kingekwenda kwa mwingine.

Na mimi je? Nilikuwa kama niliyekalia siafu. Kila akisogelea chumba cha nyuma, roho inaniruka.

Upande ule wa mji ni udongo wa mbuga, mweusi, ule unaokuvua viatu masika. Mvua ikinyesha unavimba. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Fundi anayejua kazi huchimba msingi mpaka aupite udongo huo, akute ardhi ngumu. Mwaka niliojenga nyumba ile mvua iliniwahi. Mtaro wa nyuma ukajaa maji, vibarua wakagoma, na kuna kazi nyingine nilikuwa nimeshaahidi kule Migato. Mwalimu alikuwa akija kukagua saa tisa, akitoka kufundisha. Saa nane mawe yalikuwa yamepangwa na zege limefunika. Nilimwambia tumeshuka hadi kiunoni. Akanishukuru.

Tangu hapo kila Julai ukuta wa nyuma unafunguka ufa. Naitwa, naziba, nakula ugali mezani kwake, namwambia ni plasta tu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka kumi na moja. Na sasa ulikuwa mwezi wa nne, udongo umevimba, ufa umejifunga wenyewe. Ungeupapasa ule ukuta usingejua kitu.

Aliupapasa Alhamisi asubuhi, kutoka kona hadi kona, akasema sasa ameridhika. Nikashusha pumzi, Mungu anisamehe, nikaanza kukusanya vifaa vyangu.

"Jumamosi uje, Maige," akaniambia. "Nitamwambia yule kijana, fundi mwenyewe ndiye huyu, muulize lolote. Ujenzi siujui, lakini wewe nakujua."

Nilitaka kusema sawa, mwalimu. Mdomo ukagoma. Aibu iliyonipata siku ile sijawahi kuipata tena.

"Mwalimu," nikasema, "msingi wa nyuma haukufika kiunoni. Ardhi ngumu sikuifikia."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliingia stoo akatoka na jembe, akaniambia nichimbe kando ya ukuta hadi pale nilipoishia. Nikachimba huku manyunyu yameanza. Sikuchelewa hata kidogo. Mawe ya mwisho yakaonekana, na chini yake udongo mweusi uleule. Akavua viatu, akashuka shimoni. Ni mwanamke mfupi, na bado shimo lilimfika magotini tu.

Akasimama mle akiutazama ukuta wa chumba alimomuuguzia mumewe mpaka siku ya mwisho.

"Miaka kumi na moja unakula kwangu," alisema, "na unajua."

Nikamwambia nisamehe, mama. Akatoa simu, akampigia Dastan palepale, akamweleza ufa, udongo na kina cha msingi, bila kunitaja jina. Akamwambia kama hataki tena asihangaike kuja. Kisha akamsikiliza. Alipokata, macho yalikuwa mekundu, na sikuthubutu kuuliza Dastan amesema nini.

Akapanda juu, akajifuta matope kwa khanga.

"Ardhi ngumu iko wapi?"

Nikasema huenda ni kifuani.

"Chimba niione."

Nikachimba. Mvua ikaongezeka, nikamwomba aingie ndani, nitamwita nikifika. Hakuingia. Alisimama juu yangu analowa, akiangalia kila jembe linavyoshuka.