Usiku wa Ijumaa Ni Upi?

Siku ile naikumbuka kwanza kwa pua, mjukuu wangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, miaka ya mwanzo ya Uhuru, na nilipokaribia lango la kiwanda cha sukari huku kwetu upande wa Msambweni, nilinusa miwa iliyoanza kuchacha. Malori yaliyotoka Kikoneni yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, miwa ingali juu, madereva wamelala chini ya magari. Kinu kilikuwa kimya. Kinu kile hakikuwa na kawaida ya kunyamaza msimu wa kuvuna, nami nikajiuliza ni nani aliyekufa.

Hakuna aliyekufa. Lililotokea lilipitia mikononi mwangu, na nakusimulia leo kwa sababu umeniambia unataka kuacha masomo yako ya programu za kompyuta hapo Ukunda. Umesema uliandika kitu, ukakijaribu ukakiona sawa, wenyewe walipokitumia kikawavurugia kazi, na sasa unaona haya hata kupita mlangoni kwa mwalimu wako. Basi keti. Chai ipo, na mahamri ya leo si mabaya, ingawa hukunisaidia kuyasukuma.

Zama zetu neno programu sikuwahi kulisikia. Tulikuwa na mashine ya kadi, kubwa kama kabati la bibi harusi na yenye kelele kuliko harusi yenyewe. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na matundu ya kwenye kadi ndiyo yaliyosema yeye ni wa kundi gani, anaingia siku gani, zamu ya mchana au ya usiku. Ubavuni mwa mashine palikuwa na ubao wa vijitundu, wa kuchomoa. Ukichomeka nyaya humo, hapa na pale, ndivyo ulivyoiamuru mashine ipange kadi namna gani na ichape nini. Ndiyo kazi yenu hiyohiyo, ila yetu ilichubua vidole.

Aliyenifundisha ni Bwana Mutua, Mkamba wa Machakos, ambaye mashine hizo alizisomea Nairobi. Alikuwa mkali, kola safi kila siku, na hakumpenda mtu anayesema "nimeelewa" upesi. Na mimi upesi ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Nililelewa kwamba mkubwa akikuita unaitika "labeka", akikutuma unakwenda, na kumuuliza mara ya pili ni kumwambia kwamba hakusema vizuri. Basi kila alichonieleza niliitika labeka, nikaenda kuhangaika nacho peke yangu.

Nilikuwa msichana pekee katika chumba kile cha mashine, tena niko kwa majaribio. Wajomba zangu walikubali kwa shingo upande, baada ya mama kuwaomba mpaka akakaribia kulia. Sharti lao lilikuwa moja: nikifukuzwa, nisitafute kazi nyingine popote, nirudi nyumbani nikangoje posa. Sisemi posa ni mbaya, babu yako alikuja kuniposa baadaye nami nikamkubali kwa moyo mweupe. Lakini nilikuwa nimeonja raha ya kuiamuru mashine ikaniitikia, na sikutaka kunyang'anywa.

Wiki hiyo Bwana Mutua aliniachia zamu zote nizipange mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni akasema, "Kundi la Msambweni liingie usiku wa Ijumaa." Nikaitika labeka. Nikatoboa kadi, nikachomeka nyaya, nikajaribu, nikakagua tena. Kila kitu kilikaa sawasawa, na karatasi zikabandikwa langoni.

Sasa nikuulize wewe: usiku wa Ijumaa ni upi? Unacheka. Kwetu sisi siku huingia jua linapotua. Alhamisi magharibi, Ijumaa imeshaingia, ndiyo maana jioni hiyo watu husoma Yasini na kuwarehemu wafu wao. Mimi nilitoboa tundu la Alhamisi usiku bila hata kufikiri, kama mtu avaavyo kandambili zake. Bwana Mutua naye, kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa, na hakujua kwamba duniani kuna mwingine.

Basi Alhamisi usiku makundi mawili yakakutana langoni, moja likarudishwa nyumbani kwa miguu, watu wananung'unika, na habari haikutufikia ofisini. Ijumaa usiku hakuja hata mmoja. Miwa ya watu, waliyoilimia mwaka mzima, ikalala umandeni usiku kucha inachacha.

Jumamosi ile nikaambiwa langoni kwamba ni zamu nilizopanga mimi zilizovuruga. Niliingia chumbani, nikakunja leso yangu, nikachukua bakuli langu la chakula, nikashika njia ya mlango. Nilitaka niondoke kabla ya kuondoshwa. Bwana Mutua akanikuta kizingitini.

"Unaenda wapi, Mwanatumu?"

"Nyumbani, Bwana. Sifai kazi hii."

"Hiyo sijakuuliza. Kuja hapa, leta huo ubao na kadi." Akavuta viti viwili, akaketi, akaniketisha. "Nionyeshe vile ulifikiria."

Nilingoja aniulize kwa nini nimekosea, nilie, yaishe. Hakuniuliza hilo. Alitaka nimpitishe njia niliyoipita, waya mmoja baada ya mwingine, kisha kadi, naye anafuata kwa kidole. Tukafika kwenye tundu la Alhamisi.

"Hapa nilisema Ijumaa."

"Ulisema usiku wa Ijumaa, Bwana. Nami nimeuweka."

"Huu ni Alhamisi!"

"Ndio usiku wa Ijumaa."

Tukatazamana. Nikamweleza habari za magharibi na Yasini. Akavua miwani akaifuta ilhali ilikuwa safi.

"Huko kwetu hakuna hiyo," alisema. "Mwaka mzima niko hapa na hakuna mtu ameniambia. Sasa sikia. Mimi sikukuuliza, na wewe hukuniuliza. Hiyo labeka yako ni heshima nzuri sana, lakini mashine haina heshima. Itafanya vile umeiambia mpaka miwa ioze. Ukiniheshimu kweli, niulize mpaka nichoke. Na leo hauendi nyumbani, unaenda na mimi kwa meneja."

Mwanangu, nilimwogopa meneja kuliko nilivyowaogopa wajomba. Alikuwa amesimama, uso umewiva kwa hasira, akauliza ni nani aliyepanga zamu. Bwana Mutua akasema, "Agizo ni langu. Nilisema usiku wa Ijumaa." Sijui ulimi wangu niliupata wapi, nikasikia nasema, "Na mimi nililielewa kikwetu, sikuhakikisha." Meneja alitazama huyu, akatazama huyu. Mwisho akashusha pumzi akamuuliza Bwana Mutua, "Haya, usiku wa Ijumaa ni upi hasa?"

Bwana Mutua akarudi nyuma hatua moja, nikabaki mimi mbele. "Muulize yeye," akasema. "Hapa yeye ndiye anajua."

Nikaeleza. Nikasema tuandike siku mbili pamoja, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, asiwepo wa kubahatisha. Nikasema pia kwamba kabla ya kubandika karatasi, nishuke langoni niwasomee wenyewe zamu zao, na wao wanirudishie walivyosikia. Meneja akasema, "Anza hivyo Jumatatu." Chumbani mle nilikaa mpaka mashine zile zikatolewa zikaja nyingine, na wasichana waliokuja nyuma yangu niliwafundisha mimi.

Nasaha yangu ni hii. Kazi yako ikivurugika, usikimbie kabla hujamwonyesha mtu ulivyofikiri, kwa maana kosa hukaa humo, na akili zako nzuri zimo humohumo. Usione haya kumuuliza mkubwa, wala usimtungie mtu kitu kabla hujasikia maneno yake yana maana gani mdomoni mwake mwenyewe. Na ukija kuwa mwalimu, aliyekosea mvutie kiti.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kukaa na jambo gumu, akufungulie fahamu, na kila utakapokosea akujaalie mtu wa kukwambia, "Nionyeshe ulivyofikiri." Amina. Sasa inuka uende, mwalimu wako hajafunga mlango bado.