Kandambili Juu ya Paa la Mzee Bonifasi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa kuwa niliiona yote kutoka juu ya paa, na aliye juu haulizi habari za chini.

Lakini ngoja kwanza nijitambulishe, usije ukadhani unasimuliwa na mtu wa hivi hivi. Mimi ndiye Fundi Bahati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kakiika, lenye geti jekundu. Shule niliiacha darasa la nne, na shule haikunililia. Leo mainjinia wenye diploma zao wanatoka Mbarara mjini kuja kuniuliza paa lilazwe vipi ili maji yasituame, nami nawajibu nikiwa nimekaa. Nilitoka Fizi, Kongo, na shati moja na nyundo ya baba yangu. Ilikuwa nyundo nzuri.

Enzi hizo nilikuwa kijana kule Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa, na hakuna aliyepiga bati kunizidi, iwe kwa Wakongomani wenzangu au kwa Warundi. Asubuhi moja wakaja Warundi wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa Salvatori, mdogo Evaristi. Baba yao, Mzee Bonifasi, alikuwa amezikwa majuma machache nyuma. Hawakutaka niezeke nyumba. Walitaka niiezue.

Sikia hesabu yao, maana ni hesabu ya sisi wakimbizi tu. Kambini ardhi si yako. Unapewa kiwanja ujenge na ulime, lakini huuzi, na ukihama kinarudi. Basi Salvatori alinieleza kwamba udongo ni wa serikali ila mabati ni ya baba, kwa hiyo urithi wao uko juu. Wamekubaliana kuushusha na kuugawa. Walichoshindwa kukubaliana ni nani achukue mabati mapya ya upande wa mbele. Mkubwa alidai kwa uzaliwa wa kwanza. Mdogo alidai kwa sababu ndiye aliyeyaleta kwa baiskeli toka Mbarara, upepo ukimrudisha alikotoka. Kila mmoja akamkataa fundi aliyeletwa na mwenzake, ndipo wakaniita mimi, Mkongomani asiye na upande. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua nyundo nikapanda.

Tatizo lilikuwa ndani ya nyumba. Humo alikaa Mama Spesi, mke wa pili wa mzee, na binti yake Odeta. Mama mzazi wa akina Salvatori alifariki zamani, na huyu Mama Spesi ndiye aliyewapikia mpaka wakaota ndevu. Sasa nyumba ya udongo ikibaki kuta tupu, mvua haiichelewi. Na kiwanja kisicho na nyumba huonekana kimeachwa, nacho hupewa mtu mwingine. Yule mama angeenda wapi? Wala hakupiga kelele. Alikaa mlangoni akichambua maharage kama vile aliyetua juu ya kichwa chake ni njiwa.

Aliyesema ni Odeta. Alisimama uani, mkono kiunoni.

"Fundi, ukianguka, angukia kule kwa kaka zangu. Hapa tumeanika maharage."

Mwanangu, niliangusha msumari. Mimi, ambaye sijawahi kuangusha msumari.

Nilikuwa nimekwisha kung'oa upande wote wa mbele pale bodaboda iliposimama, imembeba mama mnene mwenye chungu mapajani. Alikuwa Shangazi Perpetua, dada wa marehemu, ametoka Oruchinga, kambi ya jirani. Kwa Warundi wale, shangazi akifungua mdomo wanaume hutafuta pa kukaa. Alikuja kupika pombe ya mtama, kwa sababu Jumamosi ukoo ulikuwa unaganduka, ndiyo kusema unamaliza msiba. Desturi yao nzuri sana. Chungu kimoja kinawekwa katikati ya nyumba ya marehemu, ndugu wanainama pamoja na mirija yao, halafu ndipo mambo aliyoyaacha yanasemwa mbele ya watu. Kabla ya hapo, mali haiguswi.

Shangazi akainua macho, akaona mbingu kupitia nyumba ya kaka yake. Kisha akaniona mimi.

"Wewe Mkongomani, umepiga hodi mlango gani huko juu?"

"Ni kazi tu, mama. Benye nyumba ndio balinituma."

"Mwenye nyumba ni huyu hapa mlangoni. Alikutuma?"

Mimi ni hodari wa maneno, ukitaka uliza pale Kakiika. Siku hiyo nilianza kuhesabu misumari mfukoni.

Akaingia ndani, akakitua chungu katikati ya chumba, juani. Akawaita wapwa zake, akamwuliza Salvatori Jumamosi wataganduka wapi. Salvatori akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni hapa hapa, nyumbani kwa baba.

"Vizuri. Basi mvua ikinyesha uwaambie wageni wanywe upesi, chungu kisije kikajaa upya."

Majirani waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko. Hata Evaristi alicheka, akajiziba mdomo. Lakini shangazi yeye hakucheka.

"Kaka yangu hatujamaliza kumlilia, nyinyi mmemaliza kumgawa. Na huyu mama, mbona hamkumzika pamoja na mume wake, tukajua moja? Rudisheni hayo mabati. Kwa mikono yenu."

Hapo sasa ujuzi wangu ukahitajika, maana bati lililong'olewa si sawa na jipya. Matundu yamepanuka, na ule mpira unaokaa chini ya kichwa cha msumari umechanika. Ukipigilia hivyo hivyo linavuja. Nikawaeleza dawa yake, tuliyokuwa tukiitumia mafundi wa kambini: unakata kandambili vipande vidogo, unaviweka chini ya msumari.

"Kandambili za nani?" akauliza shangazi, na huku keshatazama miguuni mwa wapwa zake.

Salvatori alikuwa na nyekundu, Evaristi za bluu, mpya zote mbili. Odeta alileta kisu kabla hajatumwa. Sijaona mtu akikata mpira kwa furaha kiasi kile.

Sasa bati refu halipandishwi na mtu mmoja, hasa upepo ukitoka ziwani. Ilibidi Salvatori ashike huku, Evaristi kule. Mwanzoni hawakusemezana, kila mmoja akivuta kwake. Upepo ukaja, ukalijaza bati kama shavu la mpiga filimbi, Evaristi akabebwa.

"Kaka, shika!"

Salvatori akaliacha bati, akashika shati la mdogo wake. Wote wawili wakaporomoka katikati ya maharage.

Mara tukasikia kicheko. Ni Mama Spesi, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa neno. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. "Maharage yangu," akasema, "hamjaacha tu kuyaangukia, tangu hamjajua kuvaa suruali." Salvatori, jitu zima la miraba minne, akapiga magoti akaanza kuyaokota na kuyarudisha kwenye ungo wa yule mama. "Utusamehe, Mama," akasema. Odeta aliniambia baadaye kwamba tangu mazishi hakuwa amemwita hivyo.

Jumamosi mvua ilinyesha, tena ile ya kupiga bati kama ngoma. Ndani ya chungu halikudondoka tone. Ile ni kazi yangu, sijifichi. Wale ndugu wawili wakainama pekupeku kwenye chungu kimoja, watu wakiwacheka, nao wakijicheka. Kisha mambo yakasemwa: Mama Spesi ndiye msimamizi wa yote aliyoyaacha mzee, Salvatori alime shamba, Evaristi achunge mbuzi, mavuno na uzao vigawanywe kwa mkono wa mama. Na paa halitakuwa fungu la mtu.

Nami nilialikwa. Odeta akanionyesha mrija wa kunywea, na mwaka uliofuata nikarudi na wazee wa kwetu kumposa. Shangazi Perpetua akanitazama juu hadi chini. "Fundi, safari hii umepiga hodi mlango gani?" Nikamwambia, wa mbele. Vigelegele vilivyopigwa, hata Mbarara nadhani walivisikia.

Nyumba ile ipo mpaka leo. Watoto wangu wakienda kwa bibi yao huuliza kwa nini paa lina madoadoa mekundu na bluu, na wajomba zao hushindana nani awasimulie. Dukani kwangu, wakija vijana kuniuzia mabati yenye matundu ya misumari, huwa nauliza kwanza ni paa la nani na chini yake anakaa nani. Jibu lisiponiridhisha, geti ni lile jekundu.

Basi mwanangu, shika hili. Mzazi akifa, usianze kuhesabu alichoacha, anza kuangalia amemwacha nani. Maliza msiba kwanza. Semeni mambo yenu mbele ya watu, na msimamizi awe yule anayewaonea huruma wote. Bati ukilibeba peke yako litakukata mikono. Mkilibeba wawili litawafunika.

Mungu akupe nyumba isiyovuja na ndugu wa kukushika shati upepo ukija. Na siku mkianguka, muangukie kwenye maharage ya mama.