Mbwa wa Gatete Hawakupewa Sumu

Siku yangu ya kwanza kazini, nilipewa koti jeupe lililonizidi urefu, kipimajoto kimoja na ng'ombe mgonjwa. Ilikuwa Kizuka, kwenye kituo kidogo cha mifugo kilichozungukwa na michikichi, na mimi nilikuwa nimerudi Burundi miezi michache tu kutoka Kigoma, ambako wazazi wangu walikimbilia nikiwa ninabebwa mgongoni. Huko ndiko nilikosomea uganga wa mifugo. Kiswahili changu kiliwachekesha watu wa Kizuka. "Wewe mama unaongea sawa redio," waliniambia.

Ng'ombe yule aliitwa Bihogo. Mwenye ng'ombe, Mzee Barnabe, alikuwa mkulima wa michikichi aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi. Alisimama pembeni ameshika kofia mkononi kama mtu aliye mlangoni pa wodi. Bihogo alikuwa na ndigana, homa inayoletwa na kupe, ile inayovimbisha tezi chini ya masikio. Nilimpima joto, nikamchoma sindano shingoni, nikamwambia mzee amtafutie kivuli na maji. Mzee hakunijibu mimi. Aliinama akamwambia ng'ombe kwa Kirundi, taratibu, kwamba binti huyu ni wa kwetu, asiogope.

Chini ya miguu ya mzee alilala mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, linatoa usaha. Nilichukua pamba nilisafishe. Daktari wa mkoa, aliyekuwa mkubwa wangu na aliyekuja siku hiyo kunikabidhi kazi, akanishika mkono.

"Mbwa hatutibu," alisema. "Dawa iko ya ng'ombe na mbuzi. Mbwa iko mulinzi, haiko mugonjwa."

Nikarudisha pamba mfukoni. Nilikuwa mgeni, na yeye alikuwa mtu mwenye sauti. Lakini alipoondoka na pikipiki yake nililisafisha lile sikio, na Mzee Barnabe akaniambia jina la mbwa: Tuzobona, maana yake "tutaona". Alikuwa amempa jina hilo, alisema, ili majirani waliomcheka aliporudi bila nyumba wawe wanalisikia kila anapomwita.

Miaka ya Kizuka na baadaye Bugarama ilinifundisha kazi ya mikono. Nilijifunza kumzalisha ng'ombe ndama akiwa amekaa vibaya, mkono umeingia hadi begani. Nilijifunza kutunza baridi ya chanjo, maana chanjo iliyopata joto ni maji tu: sanduku la barafu halifunguliwi ovyo, na halipandishwi kwenye baiskeli saa sita mchana. Mkuu wa kituo cha Bugarama, mwanamume mkimya aliyekaribia kustaafu, alikuwa akinikagua sanduku kila asubuhi kabla hajanisalimia. "Amahoro baadaye," alikuwa akisema, "kwanza barafu." Namshukuru hadi leo.

Kisha nikahamishiwa Rumonge mjini, na huko ndiko nilikogundua kuwa nilisoma wanyama bila kusoma watu wao.

Katika mtaa wa Waislamu, ambako wengi ni wajukuu wa watu waliotoka Kongo na Tanzania enzi za wakoloni, paka ndiye aliyekuwa na heshima. Bi Zuhura, mwanika ndagala, dagaa wa ziwani, aliniletea paka wake Malaika ndani ya kikapu kilichotandikwa kitenge safi. Paka huyo alilala kitandani mwake, akala samaki waliotolewa miba. Lakini mbwa hakupita kizingiti chake, kwa sababu mate ya mbwa ni najisi kwa mwenye kusali. Kwa wakulima wa milimani ilikuwa kinyume: mbwa alijulikana kwa jina na ukoo, paka alikuwa wa panya tu, na ng'ombe ndiye aliyeimbiwa.

Halafu alikuwepo Madame Greta, mwalimu wa Kizungu aliyefundisha Kifaransa mjini. Alikuja na mbwa wake mfupi mwenye masharubu, amembeba kifuani.

"Mutoto yangu hataki kula," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

Watu waliokuwa wakingoja na mbuzi zao waliangua kicheko. Nami nilicheka, lazima nikiri. Madame Greta alipepesa macho, na nikaona machozi. Baadaye nilijua kwamba mumewe alifariki, watoto wake walikuwa mbali sana, na ndani ya nyumba yake kitu pekee kilichopumua zaidi yake kilikuwa mbwa yule. Nilimtibu, nikaomba radhi, tukawa marafiki.

Sasa nije kwenye wiki ambayo, nikiulizwa nilifanya nini maishani, ndiyo ninayoisimulia.

Asubuhi moja ufukweni Gatete, kando ya ziwa nje kidogo ya mji, Bi Zuhura alikuwa akigeuza ndagala kwenye mchanga. Mbwa asiyejulikana alitokea upande wa mashamba, mdomo unatoka povu, anayumba. Alimng'ata Bi Zuhura kwenye shavu la mguu, akawang'ata mbuzi wawili, kisha akaanguka kwenye nyasi akafa. Nilikuwa karibu, kwenye zizi la jirani. Nilikimbia, nikamkalisha Bi Zuhura kwenye ndoo, nikamwosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, nikiendelea hata alipolalamika kuwa imetosha. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana ndani ya mtu hakina dawa. Ila kati ya kung'atwa na kuugua kuna muda, na muda huo ni wa kuosha na kukimbilia sindano. Alipelekwa hospitali siku ileile, akaanza kuchomwa.

Kesho yake Daktari wa mkoa aliita mkutano kwenye ofisi ya komini, serikali ya eneo letu. Musitanteri, yaani mkuu wa komini, alikaa katikati. Daktari alisema kwa kifupi: nyama itatiwa sumu, itamwagwa Gatete yote Jumatatu, mbwa wote watakufa, ugonjwa utakwisha.

Nilisimama bila kupewa nafasi.

"Daktari, tukiwaua hawa, wengine watakuja kutoka milimani wakiwa hawajachanjwa. Tukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita. Nipeni wiki moja."

"Mama, watu wa hapa hawataleta mbwa," musitanteri alijibu. "Mbwa haiko mutu wa nyumba. Nani atamuvuta mbwa mbele ya majirani apigwe sindano sawa mutoto?"

"Nipeni hadi Jumamosi jioni."

Daktari alitikisa kichwa. Musitanteri akasema, "Jumamosi. Saba katika kumi. Ikikosa hata mumoja, Jumatatu ni sumu."

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Kabla ya kuchanja ilibidi kuhesabu, nyumba kwa nyumba, na Madame Greta alijitolea kunifuata na daftari. Tulikubaliana tuanze na maneno ya upole. Kwenye nyumba ya kwanza nilimuuliza bibi mmoja kama mbwa wake ni mmoja wa familia.

Bibi aliweka chini mchi. "Unasema mbwa iko ndugu ya watoto yangu? Umetoka mbali kuja kunitukana?"

Nyumba ya pili walitufungia mlango. Ya tatu walisema hawana mbwa, na mbwa anabweka nyuma ya jiko. Madame Greta alikuwa mwekundu kwa hasira. "Hawawapendi mbwa wao," aliniambia njiani. "Wanalala nje kwenye mvua. Wanakula maganda."

Tulifika kwa Mzee Barnabe tukiwa tumechoka. Alikuwa amehamia Gatete kwa binti yake, na alikuwa bado na Tuzobona, sasa mzee mwenye mvi mdomoni. Madame Greta hakujizuia. Alimuuliza kwa nini mbwa wake haingii ndani.

Mzee alimpa kigoda kwanza. Kisha akasema, "Madame, nimerudi hapa niko na hema ya plastiki na muke mugonjwa. Mbwa hii ililala mulangoni, mvua na jua. Haijaingia hata siku moja. Lakini hakuna mutu aliingia bila yeye kukubali. Siku tuko na njaa, alikuwa na njaa pamoja na sisi. Siku tumekula, alikula. Sasa wewe niambie, hiyo unaiita nini kwa Kifaransa?"

Madame Greta alishuka kwenye kigoda. Aliketi chini karibu na Tuzobona.

Mimi nilipata jibu langu pale. Nilikuwa nikiuliza swali la nyumba ya Greta kwenye mlango wa watu wengine. Nikarudi kwa bibi wa mchi, nikamwomba radhi, nikamuuliza swali jingine: "Bibi, nani anawalinda hapa?"

Uso wake ulifunguka. "Huyu! Iko Komando. Mwizi alikuja kwa mihogo yetu, Komando akamushika suruali, suruali ikabaki hapa." Akaniita nione suruali yenyewe. Aliitumia kusugulia masufuria.

Tangu hapo daftari lilijaa. Kila mlango ulikuwa na hadithi ya mbwa, mradi tu usiwalazimishe watu kumwita mtoto.

Ilibaki mitaa ya Waislamu ufukweni, ambako wafanyabiashara wa samaki na mawese walikuwa na mbwa wa kulinda maghala lakini hawakuwa tayari kuwashika. Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti mdogo wa Gatete. Nilivua viatu, nikaeleza.

"Mate ya mbwa yana kuoshwa kwake, na tunajua namna," alisema. "Mutu akijipaka, ataosha, atasali. Lakini akimwacha mnyama apate ugonjwa na kinga iko hapa, hiyo ataosha na nini?" Ijumaa alilisema hilo mbele ya watu wote.

Jumamosi asubuhi tuliweka meza uwanjani karibu na soko: sanduku la barafu, mabomba ya sindano, kadi. Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu Daktari wa mkoa alifika, akakunja mikono, akatazama uwanja mtupu.

Kisha akatokea Bi Zuhura. Alikuwa anachechemea, bandeji mguuni, na nyuma yake walikuwa waanika ndagala karibu wote, kila mmoja ameshika mbwa wa ghala kwa kamba ndefu, mbwa upande huu na yeye upande ule. Alikuja moja kwa moja hadi mezani.

"Mama," Daktari alimwambia kwa mshangao, "wewe ndiye uling'atwa."

"Ndiyo. Ile ilikuwa mugonjwa," alisema Bi Zuhura. "Mimi siko na vita na wazima. Nipeni kiti, nitaandika majina."

Akaketi, akaandika. Sauti za mbwa zilisikika kutoka njia ya milimani kabla hatujawaona. Mzee Barnabe aliongoza, Tuzobona ubavuni bila kamba, na nyuma yao wakulima wakivuta mbwa kwa kamba za migomba, wengine wakisukuma, wengine wakivutwa wao. Bibi wa mchi alikuja na Komando na akakataa kungoja zamu. Madame Greta alishika vichwa vya mbwa wakali kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, akiwanong'oneza Kifaransa, na wanaume wazima walioogopa mbwa wao wenyewe wakamwachia.

Nilichoma hadi vidole vikafa ganzi. Nilipoinua macho nikaona mtu mwingine amevua koti, amejaza bomba la sindano, amepiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa Daktari wa mkoa. Nilimsogezea sanduku la barafu.

Kabla jua halijazama musitanteri alifika kusoma daftari. Alihesabu ukurasa kwa ukurasa, akahesabu tena. Mbwa tisa katika kila kumi walikuwa wamechanjwa.

"Sumu hatuna haja nayo tena," alisema kwa sauti ya kusikika. Uwanja mzima ulipiga vigelegele, na mbwa wote wakabweka pamoja kwa mshtuko. Alipokwisha kusema aliniinamia sikioni: "Mama, na mimi niko na mumoja nyumbani. Muke yangu anamulaza chini ya meza. Unaweza kuja?"

Nilikwenda.

Bi Zuhura alimaliza sindano zake zote, akapona kabisa. Gatete haikuona mbwa mwingine wa kichaa kwa miaka yote niliyobaki kazini. Kila mwaka tulirudia siku ile, na siku nilipoagwa, Daktari wa mkoa alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema kwamba alikosea, na kwamba hajawahi kufurahi hivyo kwa kukosea.

Sasa nimestaafu, ninaishi karibu na ziwa. Vijana wanaosomea kazi hii huja kuniuliza: je, mnyama ni mtu wa familia au si mtu wa familia? Nawaambia waache kulijibu swali hilo wao wenyewe. Kila nyumba ina mahali ilipomweka mnyama wake: kitandani, mlangoni, ghalani, kwenye wimbo. Kazi yako ni kupajua hapo na kubisha hodi hapo.

Wagonjwa bado wananifuata nyumbani. Juzi walikaa kwangu mama mmoja wa mjini na paka mapajani, na mkulima kutoka Kizuka na mbwa miguuni. Walikuwa wanabishana kwa nguvu: mama anasema kulaza mnyama nje ni ukatili, mkulima anasema kulaza mnyama ndani ni kumwaibisha mnyama. Kila mmoja aliniomba niamue. Nilimpapasa paka, nikamwangalia mbwa meno na macho. Wote wawili walikuwa wazima, wamenenepa, manyoya yanang'aa. Nikawaambia murakoze, yaani asanteni, endeleeni, nikaingia ndani kuwachemshia chai.