Jiwe la Kijana wa Kusali

Nakumbuka asubuhi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kule Bugeshi, mwanangu, nilipopanda kilimani na kukuta wanakijiji wakipaka chokaa mawe yote ya kando ya njia.

Kati ya mawe hayo lilikuwamo moja langu. Nasema langu kwa kiburi cha mwanafunzi wa chuo kikuu. Nilikuwa nikikusanya likeni, yale madoa hai ya kijivu na manjano yanayong'ang'ania mawe ya volkano hata kiangazi kinapokausha kila kitu. Mengine niliyabandua, nikayatia katika bahasha za karatasi na kuandika mahali na tarehe. Doa la jiwe lile nililiacha, nikawa nalipima upana kila msimu. Likeni hukua polepole mno. Doa lile likifa, utafiti wangu nao umekufa. Na sikuwa nimemwambia mtu, maana niliona wakulima wa viazi hawatanielewa. Akili nyingi huondoa maarifa.

Nilikimbia. Mawe ya kushoto meupe, ya kulia meupe, langu katikati lina madoa yake yote. Mbele yake amesimama Mukecuru Dafroza, bibi mwenye shamba la hapo, brashi mkononi. Kinyarwanda changu cha mtoto aliyekulia Tanzania kilikuwa kikichechemea, basi akanisemesha Kiswahili cha kule.

"Nimewakataza. Nimesema ile jiwe ni ya ule kijana ya kusali."

"Kusali, mama?"

"Si unapigaka magoti hapa? Unafunga jicho moja, unainamisha kichwa. Mi nikasema, huyu iko na mambo mazito."

Nikamweleza habari za likeni, nikampa lenzi niliyokuwa nikiichungulia. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bon. Na mwaka muzima unapita tu, hautuambie? Tungechunga. Leo ni Mungu amekusaidia, na we hata haukumuomba."

Amekwisha kutangulia mbele ya haki, bibi yule. Jiwe halijapakwa chokaa mpaka leo. Wajukuu zake huipitisha brashi kando yake kwa adabu, nami bado namshukuru.

Mwanangu, unachokipenda kitaje kwa walio jirani nacho, kwa maneno mepesi. Mficha uchi hazai. Usiwapimie watu uelewa kabla hujawaeleza. Mungu akujalie watu wa kulinda jiwe lako hata kabla hawajajua ni la nini, na akupe magoti ya kuwashukuru.